Akiba ya Maneno kwa Mtihani wa Insha ya Kiingereza

Fundi seremala aendaye kazini hachukui kila chombo kilichomo dukani. Huchukua msumeno, randa, patasi, nyundo na futi, na vyombo hivyo anavijua kama anavyovijua vidole vyake. Mwanafunzi aingiaye katika chumba cha mtihani kuandika insha ya Kiingereza naye ni fundi, na vyombo vyake ni maneno. Lakini wengi wa vijana wetu huingia humo na mzigo mkubwa wa vyombo wasivyojua kuvitumia. Wakitoka, kazi yao ni kama meza yenye miguu isiyolingana: kwa mbali yapendeza, lakini ukiiegemea yaanguka.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi mwanafunzi awezavyo kujiwekea akiba ya maneno ya Kiingereza yatakayomfaa siku ya mtihani. Wazazi nao wasome, kwa maana wao ndio walipao karo.

Jambo hili si dogo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake kiitwacho Decolonising the Mind kilichotolewa mwaka 1986, alisimulia habari za kijana mmoja aliyekuwa darasa moja naye mwaka 1954. Kijana huyo alishinda vizuri sana katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo moja alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote, naye akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe alama zake nyingine zilikuwa za kawaida tu, lakini Kiingereza alikifanya vizuri, akapata nafasi katika Alliance High School.

Siku hizo zimepita, wala mtu hahesabiwi tena kuwa ameanguka mtihani wote kwa ajili ya lugha moja. Hata hivyo, masomo karibu yote ya sekondari nchini Kenya hufundishwa na kuulizwa kwa Kiingereza. Na katika mtihani wa KCSE, ambao ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1989, karatasi ya tatu ya Kiingereza ni ya insha tupu: saa mbili na nusu, alama 60, na katika hizo insha ya kubuni peke yake ina alama 20. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa makini.

KASUKU HAANDIKI INSHA

Nilipokuwa mwanafunzi, nilinunua daftari nikajaza humo maneno mia moja makubwa niliyoyapata katika kamusi. Niliyakariri usiku kwa usiku mpaka nikayajua yote kwa moyo. Tukapewa insha juu ya safari ya kwenda sokoni. Basi nikaona siku yangu imefika! Niliandika kwamba mama yangu alim-"interrogate" mwuza ndizi juu ya bei. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu pembeni: "Je, mwuza ndizi huyu alikuwa amekamatwa na polisi?" Nilipata alama 7 katika 20.

Jirani yangu darasani, ambaye hakuwa na daftari la namna hiyo, alipata 15. Aliandika kwa maneno mepesi juu ya harufu ya samaki wakavu, na juu ya bibi yake aliyefungua pindo la leso polepole na kuhesabu sarafu mara mbili kabla ya kulipa. Mwalimu alitusomea insha ile, na sote tukamwona yule bibi. Katika insha yangu hakuna aliyemwona mtu ye yote.

Neno lile halikuwa baya. Nililipeleka mahali pasipo pake. "Interrogate" ni kuhoji kwa ukali, kama askari amhojivyo mshitakiwa. Kamusi yangu ndogo iliniambia tu kwamba maana yake ni kuuliza, nami sikutafuta zaidi.

Kuna na kosa la pili, ndugu ya hilo la kwanza. Wanafunzi hukariri si maneno tu bali sentensi nzima nzima, na hata habari nzima ya ajali au ya wezi, wakaileta katika kila insha hata kama haikuulizwa. Ndiyo maana katika insha nyingi jua huchomoza na miale ya dhahabu, mtoto hula chakula cha asubuhi cha fahari, na moyo wake hudunda kama ngoma. Msahihishaji ambaye amekwisha soma miale ya dhahabu mara thelathini tangu asubuhi hawezi kufurahi akiiona mara ya thelathini na moja. Hutafuta mtoto aliyefikiri mwenyewe.

NENO HALITEMBEI PEKE YAKE

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kila neno lina rafiki zake. Hata katika Kiswahili ni hivyo. Sisi twasema kupiga pasi, kupiga simu, kupiga picha, kupiga magoti. Mgeni akija akasema "kuchapa magoti," tutamwelewa, lakini tutacheka.

Waingereza nao wana desturi zao. Mvua kubwa kwao ni nzito, husema "heavy rain", lakini upepo mkali kwao una nguvu, husema "strong wind," na chai iliyokolea huiita vile vile "strong tea." Uamuzi huufanya kwa neno "make," lakini kazi ya shule ya kufanyia nyumbani huifanya kwa neno "do." Kosa la jinai kwao ni "commit a crime," na uongo ni "tell a lie." Mtu akisikiliza kwa makini, sisi twasema ametega sikio, Mwingereza husema amelipa, "pay attention."

Hakuna sababu ya kuuliza kwa nini. Desturi ya lugha ni kama desturi ya nyumba: ukiingia, waifuata. Basi usijifunze neno "decision" peke yake. Jifunze "make a decision" kama kitu kimoja. Usijifunze "rain" peke yake, ijifunze pamoja na "heavy." Mwanafunzi aliyejifunza neno pamoja na rafiki zake ataweza kuliandika bila hofu. Aliyejifunza neno pweke atalitungia rafiki kwa kubahatisha.

MITEGO YA LUGHA YETU

Makosa mengi hayatoki katika ujinga wa Kiingereza. Yatoka katika kujua Kiswahili vizuri. Neno moja la Kiswahili mara nyingi hugawanyika kuwa maneno matatu au manne likivuka kwenda upande wa pili.

Tazama neno kusikia. Twasikia sauti, twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia harufu. Kwa Kiingereza sauti ni "hear," baridi ni "feel," njaa ni "feel hungry," na harufu ni "smell." Mtoto aandikaye "I heard cold" amefikiri vizuri kwa lugha ya nyumbani, lakini amefasiri neno kwa neno.

Tazama kuazima. Kwetu laweza kutumika pande zote mbili, kwa mwenye kitu na kwa mwenye haja. Kwa Kiingereza apokeaye hu-"borrow" na atoaye hu-"lend." Hapo ndipo itokapo ile sentensi isikiwayo kila siku madarasani, "borrow me your pen," ambayo kwa sikio la Mwingereza yapinduka kichwa chini miguu juu. Tena sisi twafungua mlango, twafungua mkoba na twafungua redio. Mwingereza hu-"open" mlango na mkoba, lakini redio hu-"switch on."

Shauri langu ni kwamba kila mwanafunzi atenge kurasa mbili za daftari lake kwa ajili ya mitego hii. Kila mara mwalimu akusahihishapo kosa la namna hii, liandike humo, pamoja na neno la Kiswahili lililokuponza. Baada ya muhula mmoja utakuwa na orodha ya makosa yako wewe mwenyewe, na orodha hiyo ina thamani kuliko orodha yo yote iuzwayo dukani.

JIFUNZE UKOO, SI MTOTO MMOJA

Sisi tusemao Kiswahili tuna bahati moja, kwa kuwa twajua tangu utoto jinsi shina moja lizaavyo maneno mengi. Kutoka andika twapata mwandishi, maandishi, mwandiko na uandishi. Kiingereza nacho kina njia zake za kuzaa, japo hazinyoki kama zetu.

Chukua neno "employ," yaani kuajiri. Mwajiri ni "employer," mwajiriwa ni "employee," ajira ni "employment," na asiye na kazi ni "unemployed." Neno moja limekupa matano. Chukua "decide": lazaa "decision," tena "decisive," yaani mwenye kukata shauri mara moja, na "indecisive," mwenye kusitasita. Kila upatapo neno jipya, uliza: baba yake ni nani, na ndugu zake ni kina nani? Andika ukoo wote katika mstari mmoja. Tahajia pia itakuwa rahisi, kwa sababu utaona sehemu ile ambayo haibadiliki.

KITENZI KIMOJA CHENYE KUSEMA KWELI

Wanafunzi wengi hudhani kwamba insha hupambwa kwa sifa: mrembo sana, mkubwa mno, wa kutisha ajabu. Lakini insha husimama juu ya vitenzi. Katika Kiswahili mtu hatembei tu. Huchechemea akiumia mguu, hupepesuka akilewa, hunyata asipotaka kusikiwa, hujikongoja akizeeka. Kila neno latuonyesha mtu mwingine.

Kiingereza kina hayo hayo. Kuchechemea ni "limp," kupepesuka ni "stagger," kunyata ni "tiptoe," na kutembea taratibu kwa kujifurahisha ni "stroll." Mwanafunzi akiandika "the old man walked very slowly and with great difficulty," ametumia maneno mengi. Akiandika "the old man hobbled," yaani alijikongoja, ametumia machache na twamwona mzee. Hili ni zoezi jema la kufanya na rafiki: mmoja ataje kitenzi cha kawaida, kama kusema, kutazama, kula, kulia au kucheka, na mwingine atafute aina zake tano, na kila moja aionyeshe kwa vitendo. Mwenye kuona aibu na asifanye. Lakini aliyewahi ku-"stagger" mbele ya wenzake hatalisahau neno hilo.

MANENO YA VYEO MBALIMBALI

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walisema Kifaransa, wanyonge wakasema Kiingereza, na wanazuoni wakaandika Kilatini. Mpaka leo lugha ile ina maneno mengi yenye maana zinazokaribiana lakini yenye vyeo mbalimbali. Kuuliza ni "ask" katika Kiingereza cha asili. "Question" ilipitia Kifaransa. Na lile "interrogate" lililoniponza lilitoka Kilatini. La kwanza ni la nyumbani, la pili lina uzito, la tatu ni la kituo cha polisi.

Sisi twaweza kulielewa jambo hili upesi. Kufa ni neno letu la asili. Kufariki limetoka Kiarabu. Kuku hufa, lakini hatusemi kuku amefariki. Anayejua tofauti hiyo anajua ya kwamba neno kubwa si zuri kwa kuwa ni kubwa. Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika makala aliyoyatoa mwaka 1946, aliwashauri waandishi wasitumie neno refu mahali ambapo fupi latosha. Mwenye lugha akisema hivyo, sisi wageni wa lugha hiyo tutajitwisha mzigo kwa nini?

MANENO MANGAPI YATOSHA?

Mwalimu Mwingereza Michael West alifundisha miaka mingi huko Bengali. Aliona kwamba vitabu vya watoto vilijaa maneno yasiyotumika mara kwa mara, hata watoto wakachoka kabla ya kufika mbali. Mwaka 1953 alitoa orodha ya maneno ya Kiingereza kama 2,000 yafaayo zaidi. Waliochunguza baadaye wameona kwamba maneno hayo, pamoja na yale yazaliwayo nayo, hufanya kiasi cha asilimia 80 ya maneno yaliyomo katika maandishi ya kawaida.

Maana yake ni nini kwa mwanafunzi? Ni kwamba kazi ya kwanza ni kuyamiliki kabisa yale ya kila siku: maana zake, rafiki zake na tahajia yake. Mtu aliyeyashika hayo amekwisha pata chakula. Ya adimu ni chumvi. Huongezwa kidogo, na baadaye.

DAFTARI NA SANDUKU

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jifunze maneno matatu tu kwa siku. Utasema ni machache, lakini ni 21 kwa juma, na katika majuma 12 ni 252. Kwa kila neno andika mambo manne: maana yake, rafiki zake, ukoo wake, na sentensi moja uliyoitunga kutoka katika maisha yako mwenyewe. Usiandike sentensi ya kitabu. Andika juu ya ng'ombe wa baba yako, dirisha la darasa lenu, au matatu iliyokuacha kituoni.

Kisha usiache neno lilale. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe na kutoa habari zake mwaka 1885. Aliona kwamba mtu husahau upesi sana mwanzoni, kisha polepole. Tena kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali hufaa kuliko kurudia mara nyingi kwa siku moja. Basi lirudie neno kesho yake, tena baada ya siku tatu, tena baada ya juma, tena baada ya mwezi.

Ikiwa wapenda njia iliyo rahisi zaidi, tumia sanduku, kama alivyoshauri Sebastian Leitner mwaka 1972. Chukua sanduku la viatu, ligawe vyumba vitano kwa vipande vya karatasi ngumu. Kata kadi kutoka kalenda za zamani. Upande mmoja andika neno, upande wa pili maana na sentensi. Kadi zote huanza chumba cha kwanza. Ukilijua neno, kadi yapanda chumba kifuatacho. Ukikosa, yarudi cha kwanza. Chumba cha kwanza hukaguliwa kila siku, na vya mbele mara chache zaidi. Hivyo maneno magumu huonekana mara nyingi, na rahisi hayakupotezei wakati. Sanduku hili halina gharama, wala halihitaji umeme.

Kuhusu kamusi, tafuta ile iliyotungwa kwa ajili ya wageni wa lugha. A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Ujapani, alitunga na wenzake kamusi ya namna hiyo iliyochapwa huko mwaka 1942, na tangu mwaka 1948 imetolewa na Oxford. Kamusi ya aina hii haikupi maana tu. Hukuonyesha jinsi neno likaavyo katika sentensi. Laiti ningalikuwa nayo siku ile ya ndizi!

Tena soma vitabu. Asomaye Things Fall Apart cha Chinua Achebe, kilichotolewa mwaka 1958, au Weep Not, Child cha Ngũgĩ cha mwaka 1964, ataona kwamba Waafrika hawa waliosifiwa duniani kote waliandika kwa maneno mepesi na sentensi zisizojivuna. Soma ukiwa na penseli. Ukikutana na neno usilolijua, kwanza likisie kwa maneno yaliyo jirani, ndipo ulitafute katika kamusi.

SIKU YA MTIHANI

Insha ya kubuni ya KCSE haitakiwi kuzidi maneno 450, kwa hiyo hakuna nafasi ya kupoteza. Kabla ya kuanza, tumia dakika tano. Fikiri habari yako, kisha andika pembeni maneno kumi yanayohusu habari hiyo ambayo una hakika nayo. Ukiwa waandika juu ya mafuriko, usianze na miale ya dhahabu. Anza na matope, na sauti ya maji, na mkono wa mama yako. Ukifika mahali ukasita kati ya neno kubwa usilolijua sana na dogo unalolijua, chukua dogo. Mwishoni isome tena insha yote, ukitazama vitenzi na tahajia.

Nanyi wazazi, mwombeni mtoto awasomee insha yake, hata kama hamjui Kiingereza sana. Kisha mwambieni aieleze kwa lugha ya nyumbani. Kama hawezi kueleza neno aliloliandika, neno hilo bado si lake. Ameliazima bila ruhusa.

Haba na haba hujaza kibaba. Maneno matatu ya leo si kitu, lakini mtu akiyatunza pamoja na ya kesho na ya kesho kutwa, ataingia katika chumba cha mtihani kama yule seremala wetu: vyombo vichache mkobani, vyote vikali, na mkono unaovijua.